Mahafali Kabla ya Mtihani

Mchango wa mahafali ulikuwa shilingi 20,000, na barua ya shule ilifika nyumbani ziwa likiwa limefungwa.

Kwa asiyeijua Kigoma, nieleze kidogo. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Hoja yenyewe siipingi. Hata wazee wa mwaloni wanakiri kwamba dagaa wa leo si wa zamani. Lakini kwetu dagaa ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo sare, ndiyo daftari. Ziwa likifungwa, hata mama wa vitumbua ambaye hajawahi kukanyaga mtumbwi analala na vitumbua vyake. Dada yangu anauza dagaa wakavu sokoni Mwanga. Alipoisoma ile barua alinipigia simu Tabora, akaniamkia, akauliza habari za wifi yake, akauliza habari za mvua, kisha akasema, "Kaka, mwanao anamaliza kidato cha nne."

Alisema mwanao. Mjomba yeyote akisikia neno hilo anajua kinachofuata. Nikatuma hela.

Nilituma za mchango na nikaahidi kufika mwenyewe, na ahadi hiyo ya pili ndiyo iliyomfanya mama yangu asipate usingizi wiki nzima. Mama hajawahi kuona mahafali. Mimi nilimaliza sekondari miaka ya tisini, shule ya bweni, Tabora, na siku yetu ya kuagwa hakuna aliyetoka nyumbani kuja. Ingewezekanaje? Treni ilikuwa usiku kucha kutoka Kigoma, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Kaliua, Urambo, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa mtaji wa mtu. Tulipiga makofi wenyewe kwa wenyewe, tukala wali kwa nyama, kesho yake tukarudi kwenye vitabu. (Watu wa nyumbani waliamini kwamba nasoma ile shule ya wavulana aliyosoma Mwalimu Nyerere. Haikuwa ile. Sikuwasahihisha, na Mungu atanisamehe.)

Enzi zile kuchaguliwa kwenda sekondari kulikuwa kama kuchukuliwa na mto. Mtoto anaondoka na sanduku la bati, anarudi likizo anaongea tofauti, mzazi hajui huko ndani kuna nini. Mambo yaligeuka kuanzia 2004, ulipoanza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari na shule za kata zikaanza kuota kila mahali kama uyoga. Zilitukanwa sana shule hizi, na matusi mengine zilistahili: madarasa bila walimu, walimu bila vitabu. Ila kuna jambo ambalo waliozitukana kutoka mbali hawakuliona. Zilijengwa na watu wa pale pale. Dada yangu alibeba mawe. Mama alibeba mchanga kwa ndoo, akiwa tayari ana magoti mabovu. Halafu ikaja ile zamu ya maabara, Rais Kikwete alipoagiza kila shule ya kata iwe na vyumba vya fizikia, kemia na baiolojia, na mwaka 2014 mtendaji akawa anagonga mlango kwa mlango. Mama alitoa. Alilalamika, lakini alitoa. Kwa miaka kumi alikuwa amechangia chumba ambacho hajawahi kukiona ndani.

Basi Jumamosi ile ya Oktoba mama alivaa kitenge kipya, akajipaka mafuta, akaketi sebuleni tangu saa kumi na mbili asubuhi akisubiri shughuli ya saa tatu.

Mgeni rasmi alifika saa saba kasorobo.

Sitamtaja, wala cheo chake, kwa sababu angekuwa yeyote. Hii ni desturi ambayo tumeilea wenyewe. Watoto wamesimama kwenye mistari juani, kwaya imeshaimba nyimbo zake zote mara mbili, mshereheshaji ameishiwa vichekesho na sasa anawatania walimu ambao hawataki kutaniwa, na sisi tunaambiwa kila nusu saa kwamba mheshimiwa "yuko njiani". Meza kuu ina vitambaa vyeupe, maji ya chupa na maua ya plastiki. Wazazi wana turubai moja, na nusu yao wako chini ya mwembe. Ujiji haikosi miembe, namshukuru aliyeipanda.

Lakini ule ucheleweshaji ulitupa zawadi moja. Makamu mkuu wa shule aliona wazazi wanaanza kuondokaondoka, akaamua kufungua maonyesho ya taaluma kabla ya ratiba. Kwa kawaida maonyesho haya ni ya mgeni rasmi. Yeye ndiye hupitishwa darasa kwa darasa, anatikisa kichwa, anapigwa picha, na wazazi huchungulia dirishani. Siku ile wazazi waliingia kwanza.

Mpwa wangu alikuwa kwenye maabara ya kemia, koti jeupe limemzidi mikono. Mezani palikuwa na bureti imefungwa kwenye stendi, pipeti, chupa mbili tatu, na karatasi nyeupe chini ya flaski. Mama alisimama mbele yake kama amesimama mbele ya hakimu. Mtoto akaanza kueleza kwa Kiingereza, kwa kasi, macho juu, kama walivyofundishwa. Alimaliza. Mama akasema, "Ahsante, mjukuu wangu," kwa adabu ile ile anayompa padri wa Kilatini.

Hapo ndipo penye kidonda ambacho mahafali yetu huwa yanakifunika kwa maua. Mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na kwetu wengi nyumbani wanazungumza Kiha, halafu kidato cha kwanza mlango unafungwa na kila kitu kinakuwa Kiingereza. Siku ya sherehe, wazazi waliojenga shule wanasomewa mafanikio ya watoto wao kwa lugha wasiyoijua, na wanapiga makofi mshereheshaji akiwaambia wapige.

Mwalimu wa kemia, kijana mmoja mwembamba, alikuwa amesimama pembeni. Akamwambia mpwa wangu, "Mweleze Bibi kwa Kiswahili."

Mtoto akababaika. Nadhani hakuwahi kuombwa. Akaanza upya: "Bibi, humu kwenye bureti kuna asidi. Humu kwenye flaski kuna besi. Sijui besi ina nguvu kiasi gani, kwa hiyo namwagia asidi kidogo kidogo mpaka zilingane."

"Hiyo besi ni nini?"

"Sodiamu haidroksaidi, Bibi." Akasita. "Ni kostiki. Ile ile yako ya sabuni."

Mama yangu anapika sabuni ya mawese. Amepika tangu kabla sijazaliwa, zamani kwa maji ya majivu, siku hizi kwa kostiki ya dukani, na anauza vipande sokoni. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia ana kovu ambalo nikiwa mdogo nilidhani kila mama analo. Aliusogeza mkono ule karibu na flaski, akaugeuza, akamwonyesha mwalimu. "Hii naijua," alisema. "Hii inaunguza."

Kisha akauliza swali ambalo mwalimu mwenyewe alisema baadaye kwamba kwa darasa zima hakuna aliyewahi kuliuliza vizuri hivyo. "Sasa wewe utajuaje kwamba zimelingana? Maji ni maji."

Mpwa wangu akachukua kichupa, akadondosha matone mawili kwenye flaski. Maji yakawa ya waridi, waridi la kitenge cha sikukuu. Watu waliokuwa nyuma yetu wakasema "Eeeh!" Wanafunzi hukiita kitu kile POP, na jina lake refu hata mimi linanipa tabu. Akafungua bureti taratibu, mkono wa kulia ukiizungusha flaski. Asidi ikaingia, waridi likabaki. Ikaingia, likabaki. Akaanza kuhesabu tone kwa tone. Mama akashikilia meza. Tone moja likadondoka, na rangi ikatoweka yote kwa mara moja, kama mtu aliyezima taa.

"Tone moja tu, Bibi," alisema. "Ukizidisha, umeharibu."

Mama alinyamaza. Kisha akasema kwamba yeye sabuni yake ikishaganda huigusa kwa ncha ya ulimi. Ikichoma, kostiki imezidi, anarudisha jikoni na kuongeza mawese. Isipochoma, iko sawa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

"Basi Bibi," mpwa wangu akasema, "ulimi wako ndiyo POP yako."

Maabara nzima ilicheka, mwalimu akacheka hadi akavua miwani. Mama naye alicheka, lakini nilimwona anavyoiangalia ile bureti. Miaka kumi ya "nilichangia maabara" ilikuwa imepata sura. Tulipotoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Kumbe wanapika sabuni."

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema karibu yote ninayotaka kusema, lakini mgeni rasmi akafika, na ratiba ikaanza.

Gwaride la skauti. Kwaya, mara ya tatu. Kikombe cha mpira wa pete cha UMISSETA kikapitishwa mbele ya meza kuu. Hotuba ya mkuu wa shule. Kisha risala ya wahitimu, ambayo kila Mtanzania aliyepita sekondari anaweza kuimalizia akiwa usingizini: itifaki imezingatiwa, tulianza kidato cha kwanza mwaka fulani tukiwa kadhaa, pamoja na mafanikio hayo shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo. Uhaba wa walimu wa sayansi. Ukosefu wa uzio. Mashine ya kudurufu. Mgeni rasmi akajibu kwamba amezisikia changamoto, amezichukua, na kwa kuanzia anatoa kiasi fulani. Kilichobaki kikatafutwa kwa mnada wa jogoo na keki. Jogoo aliuzwa mara nne, kila aliyemnunua akimrudisha mezani, na nadhani hadi leo yuko hai pale shuleni.

Nilichokuwa nakisubiri ni zawadi za wanafunzi. Huwa zinapitishwa haraka kwa sababu muda umekwisha, ilhali ndizo zenye mambo.

Wa kwanza hisabati: mkebe na kaunta buku mbili. Wa kwanza Kiswahili: kaunta buku mbili. Makofi ya kawaida. Mpwa wangu alipata ya kemia, akaenda mbele akitembea kwa haraka kama anayeogopa watabadili mawazo. Dada yangu alipiga kigelegele kilichosikika, naamini, hadi Burundi.

Kisha mwalimu wa taaluma akatangaza zawadi ya mahudhurio. Mwanafunzi ambaye kwa miaka minne daftari la mahudhurio halikuwahi kumwekea alama ya kukosa. Akasimama kijana mmoja mrefu, mikono imekakamaa, shati limepauka lakini limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Akaitwa jina, na kabla hajafika mbele, upande wa wazazi ukalipuka. Sijawahi kusikia makofi kama yale kwa mtu aliyepewa beseni na miche mitatu ya sabuni.

Jirani yangu chini ya mwembe alinieleza. Kijana yule ni mvuvi. Usiku wa giza anatoka na wenzake na taa, wanawavuta dagaa kwa mwanga, wanarudi mwaloni alfajiri. Anaanika sehemu yake, anaoga ziwani, anakuja shule. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hailali majini, kwa hiyo zile ndizo siku zake za kulala. "Ile miezi mitatu ya kufungwa ziwa," mwalimu wa darasa lake aliniambia baadaye akitabasamu, "ndipo kwa mara ya kwanza nilimwona asubuhi hasinzii." Kwa masomo yuko katikati, si wa juu wala wa chini. Lakini kila mtu pale alijua beseni lile limelipiwa nini.

Nikiwa Tabora husikia watu wakiyacheka mahafali yetu. Mnashangilia nini, husema, mtihani wenyewe ni Novemba, matokeo ni Januari, huenda nusu ya hao wanaorushiwa maua wakapata sifuri. Na kweli, ukiyatazama kwa jicho la cheti, ni kichekesho: tunavuna kabla ya kupanda. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika hivyo, miaka ya nyuma, nikiwa na uhakika wa mtu asiye na mtoto shuleni.

Siku ile niliwaangalia wahitimu walivyoingia wawili wawili, wakicheza taratibu na muziki, na nikawasikia akina mama nyuma yangu wakihesabu. Hawakuwa wanahesabu waliopo. Walikuwa wanataja wasiokuwepo. Yule wa fundi seremala yuko wapi? Aliacha kidato cha pili, yuko ziwani. Yule mrefu? Aliolewa. Yule pacha? Walihamia Uvinza. Darasa lilianza likiwa mikondo mitatu na limemaliza mikondo miwili. Ada ilifutwa tangu 2016, ni kweli, lakini ada si njaa ya saa nne asubuhi, wala si mwendo wa kutoka mwaloni, wala si mjomba anayesema msichana amekua. Kufika ile siku ya Oktoba ukiwa bado umevaa sare ni jambo ambalo Baraza la Mitihani halina somo lake. Mtihani utapima mengine. Hili lina siku yake, na siku yake haiwezi kusubiri Januari, kwa sababu Januari kila mmoja atakuwa peke yake na simu yake, akitafuta namba yake kwenye orodha.

Miongoni mwao alikuwepo msichana mmoja, mkubwa kidogo kuliko wenzake. Zamani mtoto wa kike akijifungua ndiyo ilikuwa mwisho wake katika shule ya serikali. Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango, ikaruhusu warudi. Huyu alirudi. Hakutajwa kwenye risala wala kwenye hotuba, na nadhani ilikuwa heshima kutomtaja. Ila ulipofika wakati wa wazazi kuwapongeza watoto wao, mama yake alikwenda mbele akicheza, kapu la zawadi kichwani, na mgongoni kwenye kanga kuna mtoto wa kama miaka mitatu, kabeba ua la karatasi ya kung'aa. Mtoto ndiye aliyemvisha mama yake. Mshereheshaji, aliyekuwa na neno kwa kila kitu tangu asubuhi, alikosa la kusema.

Na huo wakati wa wazazi kupongeza, ambao kwenye ratiba uliandikwa dakika kumi, ulichukua saa nzima na nusu. Hakuna aliyeweza kuuzuia. Akina mama waliingia uwanjani kwa makundi, kila ukoo na wimbo wake, mabeseni, ndoo, vitenge, mito, madaftari, hata kuku. Baba mmoja alimvisha binti yake saa aliyoivua mkononi mwake palepale. Mama yangu, na magoti yake, alikataa nimshike mkono. Alikwenda mwenyewe hadi kwa mjukuu wake, akafungua kanga kiunoni, akatoa mche mmoja wa sabuni ya mawese aliyoifunga kwenye karatasi ya zawadi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha, mbele ya meza kuu na vitambaa vyake, akaangua kicheko na kumwambia jambo sikioni. Wote wawili walicheka. Sijaambiwa hadi leo.

Mgeni rasmi aliondoka katikati ya shamrashamra hizo. Alikuwa na ratiba nyingine, walisema. Gari lake lilipita nyuma ya turubai na sijui kama kuna aliyegeuka.

Tulikula pilau saa kumi na moja jioni kwenye sahani za plastiki, mvua ya kwanza ya msimu ikitishia upande wa Kongo. Wahitimu walikuwa bado wanapigana picha, maua ya karatasi yamejaa shingoni hadi nyuso hazionekani. Yule kijana wa beseni nilimwona akiligeuza juu ya kichwa kama kofia, kwa ajili ya mvua, akishuka kuelekea ziwani. Mwezi ulikuwa mdogo wiki ile.

Nilirudi Tabora. Novemba mitihani ikaanza, na nikajizuia kupiga simu nisije nikamtia mtoto presha. Aliyenipigia ni mama, jioni moja, kwa simu ya jirani, na alikuwa anapiga kelele kana kwamba Tabora inasikika bila simu.

"Leo walikuwa na ule wa kwenye vyupa," alisema. "Wa rangi."

"Anasemaje?"

"Anasema imepotea kwa tone moja."